Kuponi imeandikwa "bure", mbona keshia anadai kodi?

Swali limetoka kwa dada mmoja anayeishi Minneapolis, jimbo la Minnesota. Nimelifupisha kidogo:

"Kaka, mimi natoka Mombasa, huu mwaka wa pili niko huku. Niliiandikia kampuni moja ya sabuni kulalamika kwamba chupa yao ilivuja ikanichafulia nguo. Wakaniomba radhi na kunitumia kwa posta kuponi ya chupa moja ya sabuni ya kufulia, bure. Rafuni bei yake ni dola 12.99. Nilipofika kaunta keshia akaiskani kuponi, ikakubali, halafu skrini ikaonyesha bado nadaiwa dola 1.17. Nikauliza ni za nini, akasema kodi. Pochi niliiacha nyumbani, nina mtoto mkononi, foleni imejaa nyuma yangu. Nikaomba kuponi yangu, nikaiacha sabuni, nikaondoka na aibu. Kitu cha bure kinatozwaje kodi? Na mbona shoga yangu aliyeko Houston anasema hajawahi kulipa? Je, nilikuwa naibiwa?"

Pole sana, dada yangu. Kusimama pale na mtoto mkononi, watu wanakutazama kisogoni kwa ajili ya dola moja na ushei, ni jambo linaloumiza. Lakini hukuwa unaibiwa. Hiyo dola 1.17 ni kodi halali ya mahali unapoishi. Na shoga yako naye hakukudanganya: angepeleka kuponi hiyo hiyo kwenye duka la Houston, akachukua chupa hiyo hiyo, akatoka bila kutoa hata senti. Nimefanya hesabu za kodi za maduka hapa Minnesota kwa miaka mingi, na swali lako hata makeshia huniuliza, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Tuanzie nyumbani, maana mshangao wako umeanzia huko. Mombasa ukiona mche wa sabuni umebandikwa shilingi 200, unatoa shilingi 200, basi. VAT ya asilimia 16 imo humo humo ndani ya bei, huioni mpaka usome risiti. Tanzania ni vivyo hivyo, asilimia 18 imeshamezwa na bei. Kwa hiyo ukiambiwa kitu ni bure, kodi yake imeondoka pamoja na bei na wala huikumbuki. Huku bei ya rafuni haina kodi ndani yake. Kodi inaongezwa kaunta, na wala haipangwi na serikali ya Washington: Marekani haina kodi ya mauzo ya taifa. Kila jimbo lina sheria yake, na chini ya jimbo kaunti na jiji nao huongeza vyao. Minnesota inachukua asilimia 6.875. Ukijumlisha vya kaunti ya Hennepin, vya jiji, na vile vya usafiri na makazi vinavyotozwa eneo zima la miji pacha ya Minneapolis na St. Paul, Minneapolis inafikia asilimia 9.025. Piga hesabu kwa dola 12.99 utapata dola 1.17 na kijisehemu kinachodondoshwa. Mashine ya duka haikukosea hata senti.

Sasa kodi ya nini, nawe umepewa bure? Ili uelewe, iandame ile karatasi baada ya kutoka mkononi mwako.

Keshia akishaiskani, kuponi inatumbukizwa kwenye droo pamoja na noti. Jioni wanaofunga hesabu wanazitoa kuponi zote na kuzihesabu kama wanavyohesabu pesa, kwa sababu kwa duka ni pesa. Zinafungwa, zinapelekwa kwenye vituo vinavyokusanya kuponi kutoka maduka ya nchi nzima, zinachambuliwa kampuni kwa kampuni, kisha kila kampuni inalipa za kwake. Chukua kuponi yako uisome yale maandishi madogo ya nyuma au ya chini. Utakuta kampuni imeahidi kumlipa mwenye duka bei ya bidhaa, na juu yake kitu kidogo cha usumbufu, mara nyingi senti 8. Utakuta pia sentensi fupi isemayo kwamba kodi ya mauzo, ikiwapo, ni juu ya mnunuzi. Watu wengi hutafuta tu tarehe ya mwisho, hiyo sentensi hawaioni.

Kwa hiyo mwenye duka hakukupa zawadi. Ameuza chupa kwa dola 12.99, ila aliyelipa ni kampuni ya sabuni. Kwa sheria ya Minnesota bei ya mauzo ni jumla ya kile muuzaji anachopokea kwa ajili ya kitu hicho, kiwe kimetoka kwako, kwa mjomba wako au kwa kampuni iliyotengeneza sabuni. Neno "bure" kwenye kuponi linakuhusu wewe. Vitabuni mwa duka hakuna kilichotoka bure, na kodi imeandama vitabu vya duka.

Ukilishika hilo, mengine yote yatakuwa mepesi. Kila ukisimama kaunta na kuponi mkononi, jiulize swali moja: je, kuna mtu atakayelirudishia duka pesa hii? Kama yupo, kodi inahesabiwa kwa bei kamili. Kama hayupo, yaani duka lenyewe limeamua kupunguza bei yake, kodi inahesabiwa kwa kile kilichobaki tu. Kikibaki sifuri, kodi yako ni sifuri. (Hapo duka lenyewe mara nyingi hulipa kodi ya matumizi kwa bei ya jumla lililonunulia, kwa sababu limetoa mali yake lenyewe. Hilo ni deni lao na jimbo, halikuhusu, na hawana haki ya kukubambikia.)

Ndiyo maana sisi tunaoshughulika na hesabu hizi hutenganisha kuponi ya kiwanda na kuponi ya duka. Kuzitofautisha kwa macho kunataka uzoefu, maana zinafanana. Usiamini nembo. Kuponi inaweza kuwa na nembo ya duka kubwa, rangi zake zote, na maneno kwamba itumike kwenye duka hilo tu, na bado ikawa ya kiwanda. Tafuta juu kabisa, kwenye ukingo, pale penye tarehe: ya kiwanda imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni kuponi ya mtengenezaji. Chini utakuta anwani ya kampuni ambako duka litapeleka madai yake. Ya duka haina anwani ya namna hiyo, kwa sababu duka haliwezi kujidai lenyewe. Hizi karatasi ndefu zinazotoka kwenye kimashine kando ya kaunta ukishalipa ndizo zinazowachanganya wengi. Zimechapwa dukani, lakini nyingi ni za viwanda. Soma ukingo wake kabla hujaamua.

Hiyo ya kwako ilikuja kwa posta kutoka kampuni yenyewe. Ni ya kiwanda moja kwa moja, haihitaji kubishaniwa.

Nikupe mfano wa bidhaa nyingine ili uone tofauti ilivyo mfukoni. Shampuu ya dola 6. Wiki hii duka limeweka bango: nunua moja, ya pili bure. Umechukua mbili, umetoa dola 6, kodi yako Minneapolis ni senti 54, kwa sababu duka limepokea dola 6 tu kwa chupa mbili. Wiki ijayo hakuna bango, ila una kuponi ya kiwanda inayosema maneno yale yale, nunua moja, ya pili bure. Umechukua mbili, umetoa dola 6, lakini duka litapokea dola 12: sita zako na sita za kiwanda. Kodi yako sasa ni dola 1.08. Chupa ni zile zile, bei uliyotoa ni ile ile, kodi imekuwa mara mbili. Nimewaona watu wazima, wasomi, wakigombana na keshia kwa jambo hili, nao kila mmoja ana risiti ya wiki iliyopita mkononi akiamini ndiyo ushahidi. Risiti zote mbili ni sahihi.

Kuna maduka ambayo hukuongezea juu ya kuponi, kwa mfano kuponi ya kiwanda ya dola moja wao wanaihesabu mbili. Hapo dola ya kwanza ni ya kiwanda, na kodi yake utalipa. Ya pili ni ya duka, na kodi yake inapungua. Keshia hawezi kukueleza hilo kwa sababu haoni kinachofanyika ndani ya mashine. Anaona jumla tu.

Nisemee kidogo hao makeshia na wenye maduka, kwa sababu najua mtu akitozwa asichokitarajia hudhani pesa imeingia mfukoni mwa mtu. Miaka ya nyuma niliitwa na mwenye duka dogo, mtu wa kwetu, muungwana, aliyekuwa akipokea kuponi za viwanda na kuzirekodi zote kama punguzo lake mwenyewe. Hakuwa na nia mbaya. Aliona mteja ametoa dola tatu, akatoza kodi ya dola tatu. Wakaguzi wa jimbo walipokuja walichukua vile vifurushi vya malipo ya kuponi kutoka kwa viwanda, wakalinganisha na mauzo, wakamwonyesha miaka mitatu ya kodi ambayo hakuitoza. Wateja walikuwa wameshakwenda zao, hawezi kuwafuata kuwaomba senti 20 kila mmoja. Alilipa yeye, pamoja na riba. Nilikaa naye siku mbili nyuma ya duka, kati ya magunia ya mchele, tukifungua mabahasha moja baada ya jingine, na sijasahau namna alivyokuwa akizikunja zile karatasi vizuri kila tukimaliza kuzisoma, kana kwamba zikikunjwa vizuri deni litapungua. Kwa hiyo keshia anapokudai dola 1.17 hajitajirishi, wala duka halibaki nayo. Asipokudai wewe, atadaiwa tajiri wake.

Sasa tuje kwa shoga yako wa Houston, maana hapo ndipo nchi hii inapomchanganya hata mwenyeji.

Majimbo 23, Minnesota ikiwamo, yamejiunga kikamilifu katika mkataba wa kulinganisha sheria za kodi ya mauzo ulioanza kazi Oktoba 2005. Ohio, Georgia, Indiana, Washington, New Jersey, North Carolina, Kentucky na Wisconsin wamo pia. Mkataba huo unasema wazi kwamba pesa inayotoka kwa mtu wa tatu inahesabiwa kuwa sehemu ya bei iwapo duka linaipokea kweli, kiasi chake kinajulikana wakati wa kuuza, duka linalazimika kumpitishia mteja punguzo hilo, na mteja ameonyesha kuponi. Kuponi yako imetimiza yote. California na New York hazimo katika mkataba, ila zimefika mahali pale pale kwa sheria zao. California ina kanuni yake kabisa, namba 1671.1, inayoeleza kuponi, punguzo na marejesho. New York wana jambo moja ninalolipenda: kama kuponi haikuonyesha popote kwamba duka litarudishiwa pesa na kiwanda, mteja analipa kodi ya bei iliyopunguzwa tu, na kodi ya kile kilichorudishwa inakuwa mzigo wa duka. Wameona si haki mnunuzi atozwe kwa mpango ambao hakuonyeshwa. Ningefurahi kila jimbo lingefanya hivyo.

Texas imechukua njia nyingine. Huko kuponi ni punguzo la bei, iwe ya duka au ya kiwanda, duka lirudishiwe lisirudishiwe. Kodi ya Houston ni asilimia 8.25, ila inahesabiwa kwa kilichobaki baada ya kuponi, na kwa kuponi ya bure hakibaki kitu. Massachusetts wako hivyo. Pennsylvania nao wanakubali kuondoa kuponi za aina zote mbili, mradi risiti iandike bidhaa na kuponi yake waziwazi. Ikiandikwa tu "kuponi" bila kuonyesha ni ya kitu gani, mambo huharibika, kwa hiyo mwenye kuishi Philadelphia aisome risiti yake. Halafu kuna Oregon, Montana, New Hampshire na Delaware, ambako hakuna kodi ya mauzo kabisa na mjadala wote huu hauna maana. Alaska nayo jimbo halitozi, lakini baadhi ya miji yake hutoza.

Hivyo wewe na shoga yako mnaishi chini ya sheria mbili, mkizungumza kwa simu kama mko mtaa mmoja. Ndugu na marafiki wanaopeana maarifa ya kuponi kwenye makundi ya WhatsApp wafanye hivyo hivyo, ni msaada mkubwa, ila watajane na majimbo. Maarifa ya Houston yakipelekwa Minneapolis yanamwacha mtu kaunta bila pesa, kama yalivyokukuta.

Kuna jambo jingine linalokusaidia wewe kuliko yote niliyosema, nalo ni kwamba kodi inagusa vitu vinavyotozwa kodi tu. Minnesota vyakula vingi vya kupika nyumbani havitozwi, nguo hazitozwi, nepi za mtoto hazitozwi, dawa za dukani zisizohitaji cheti cha daktari hazitozwi. Ukiwa na kuponi ya kiwanda ya mkate bure, maziwa bure au pakiti ya nepi bure, unatoka bila kutoa kitu, kwa sababu asilimia 9.025 ya kisichotozwa ni sifuri. Sabuni ya kufulia, shampuu, dawa ya meno, karatasi za chooni, soda na peremende, hivyo vinatozwa. Basi ukipanga kuponi zako mezani, zigawe mafungu mawili, za chakula na za vitu vya usafi, na fungu la pili ndilo uliwekee pesa. Hesabu ya haraka ya kichwani kwa Minneapolis ni senti tisa kwa kila dola, ukiongeza senti chache za tahadhari.

Kwa wanaotumia kadi ya EBT kwa msaada wa chakula, sheria ya taifa inakataza jimbo lolote kutoza kodi ya mauzo kwa chakula kilicholipwa kwa kadi hiyo. Hapa Minnesota soda inayotozwa kodi kwa mwenye pesa taslimu haitozwi ikilipwa na EBT. Lakini ukichanganya EBT na kuponi ya kiwanda kwenye kitu cha namna hiyo, ile sehemu iliyolipwa na kuponi haikulipwa na EBT, na kodi yake yaweza kudaiwa. Na pesa ya EBT ya chakula hairuhusiwi kulipia kodi. Hapo ndipo mama mwenye salio kubwa kwenye kadi anapoambiwa hana senti 15, na wanaomtazama hawaelewi. Weka sarafu kwenye gari, kwenye mfuko wa koti, popote. Nawaambia hivi wote ninaowasaidia.

Marejesho unayopata baadaye, kwa programu za simu unazopiga picha ya risiti au kwa kutuma barua, yako mbali na kuponi. Pale kaunta ulilipa bei kamili, kwa hiyo kodi ni ya bei kamili, hata wakikurudishia dola zote kesho yake. Kadi ya zawadi nayo wengi huichukulia kama kuponi. Ile ni pesa iliyolipwa mapema, haipunguzi kodi hata kidogo. Na simu ya "bure" unayopewa na kampuni ya mawasiliano ukisaini mkataba, ambayo bei yake inarudishwa kidogo kidogo kwenye bili ya kila mwezi, mara nyingi itatozwa kodi ya bei yake yote siku ile ile unayoichukua. Simu ya dola 800 kwa Minneapolis ni dola 72.20 za kodi. Uliza kabla ya kusaini.

Umeuliza kuhusu kuibiwa, na sitaki nikujibu la kwako peke yake nikaacha mlango wazi, kwa sababu kuna nyakati mtu hutozwa zaidi kweli. Ya kwanza ni kuponi ya duka iliyoingizwa kwenye mashine kama ya kiwanda. Kama karatasi haina maneno ya mtengenezaji wala anwani ya kampuni, na bado kodi imehesabiwa kwa bei kamili, una haki ya kuuliza. Ya pili ni kodi kwenye kitu kisichotozwa, nepi kwa mfano. Huwa ni kosa la aliyesajili bidhaa kwenye mfumo, na kila mteja analipa mpaka mmoja aseme. Ya tatu haihusu kodi lakini huonekana kama kodi: kuponi nyingi za bure zina kikomo, "thamani isiyozidi dola 11.99" kwa mfano. Bei ikiwa 12.99, dola moja ni juu yako, na kodi juu yake. Ya nne ni amana ya chupa katika majimbo yenye utaratibu huo, kama Michigan wanaotoza senti 10. Kuponi ya soda ya bure si lazima iifunike.

Ukiona mojawapo, usibishane na keshia. Lipa kama unaweza, chukua risiti, sogea kwenye meza ya huduma kwa wateja ukiwa na risiti na kuponi au picha yake. Piga picha kila kuponi ya bure kabla ya kuitoa, pande zote mbili, maana ikishaingia droo huna ushahidi. Aliyekata kodi ndiye wa kuirudisha, kwa hiyo anza dukani. Wakikataa na una hakika, idara ya mapato ya jimbo hupokea malalamiko, na nimewahi kuona duka likirekebisha mfumo wake wote baada ya mteja mmoja kuuliza kwa adabu kuhusu senti 31.

Niseme na hili, kwa sababu limo moyoni. Kuponi za kitu bure ni za zamani kuliko kodi yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1880, Coca-Cola ya Atlanta iligawa vikaratasi vya kumpa mtu glasi moja ya kinywaji bure, na watu wakaviamini kwa sababu ukivitoa hudaiwi kitu. Kodi ya mauzo ya majimbo haikuwapo. Ilienea miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa, Mississippi ikiwa miongoni mwa ya mwanzo. Tangu hapo neno "bure" limebaki kwa herufi kubwa mbele ya kuponi, na kodi ikawekwa nyuma kwa herufi za kusomwa na miwani. Naona kampuni zingeweza kuandika mstari huo mbele. Mtu anayetumiwa kuponi ya kuombwa radhi, kama wewe, hastahili kugundua masharti mbele ya foleni.

Sabuni yako bado iko pale, na kuponi unayo. Angalia kwanza tarehe ya mwisho na kikomo cha thamani. Kisha subiri, kama tarehe inaruhusu, mpaka duka lishushe bei ya sabuni hiyo. Punguzo la duka hutangulia, kuponi ya kiwanda inafunika kilichobaki, na kodi inahesabiwa kwa hicho kilichobaki. Ikishuka mpaka 9.99, utadaiwa senti 90. Isiposhuka, ni 1.17 ile ile. Nenda na dola moja na robo mfukoni, na mpe keshia kuponi na pesa kwa pamoja.